Mgongo wa Somoe

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, ya msimu wa watoto kutoka jandoni. Nakuita mwanangu si kwa sababu ya mvi, sina hata moja. Ndivyo shangazi alivyoniita nilipoanza kazi katika chumba chake cha ushonaji hapa Nachingwea, nami sijapata neno zuri zaidi. Nilikuwa nimemaliza chuo, ajira sina, akaniweka nipokee wateja na vitambaa. Ni kazi nyepesi kwa mtu asiyefikiri sana. Mimi hata salamu ya mteja niliipima kichwani kabla ya kuiitikia.

Msimu wenyewe unaujua. Ufuta umeshauzwa, kila mzazi anataka mwanawe atoke na nguo mpya, na vitambaa vimerundikana mpaka dirishani. Alhamisi akaja baba mmoja wa Lionja na kitambaa cheupe cha kanzu. Mwanawe alikuwa anatoka Jumamosi.

"Binti, usinirudishe," alisema. "Mafundi wawili wameshanikataa. Mtoto atoke na shati la kaka yake, wenzake wamcheke?"

Nikaanza kufikiri. Nikikataa, mtoto ataaibika. Nikikubali, kanzu ataishona fundi wetu Somoe, kwa kuwa kanzu zote alishona yeye. Naye alikuwa na mimba kubwa, miguu imevimba, na shangazi alishamwahidi kwamba Ijumaa atapumzika. Nikaona nusu siku haitamdhuru. Kisha nikaona huenda itamdhuru. Somoe mwenyewe alikuwa amekaa pale pale nyuma yangu, na katika mawazo yote hayo sikugeuka kumuuliza.

"Acha kitambaa, baba. Tutajaribu."

Cherehani ya shangazi ikanyamaza.

"Tutajaribu ndiye nani?" aliuliza. "Hapa mafundi wangu ni Somoe na Hadija. Huyo Tutajaribu sijamwajiri."

Somoe akacheka, mkono kiunoni. Mimi sikucheka.

"Nimemwonea huruma, shangazi."

"Huruma ni nzuri, mwanangu, ila unaitoa mgongoni mwa Somoe. Itoe mgongoni mwako."

"Mimi kanzu sijui kushona."

"Kutembea unajua? Mpeleke baba wa watu kwa mafundi mpaka apate. Anzia kwa yule wa stendi tusiyesalimiana naye. Mwambie nimekutuma mimi, ashangae kidogo."

Tukaenda juani, mimi na yule baba. Fundi wa stendi alishangaa kweli, akakataa. Wa sokoni naye alikataa. Tulimpata mzee mmoja wa mtaa wa nyuma, mshona mashuka, akakubali.

Ijumaa cherehani ya Somoe ilikaa imefunikwa. Jumamosi nilikwenda Lionja, nikamwona mtoto kwenye ngoma. Kanzu ilimzidi, mikono imefunika vidole, na upindo wa chini ulikuwa mpana kiasi cha kushushwa kila atakaporefuka. Alikuwa anacheza tu.

Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Leo umekaa kwenye kiti changu, mwanangu, na kila ndiyo utakayompa mteja ina mtu atakayeiinamia. Geuka umuulize kwanza. Akisema hapana, usimwache mteja mlangoni. Tembea naye, maana miguu hiyo ni yako.

Mungu akujaalie wateja wengi, na ulimi wa kuwarudisha wengine bila kuwavunja moyo. Na kila nguo itokayo humu imfae aliyeishona kama itakavyomfaa anayeivaa. Amina.