Redio na Ngazi za Wifi

Walimwita Redio, naye hakununa, maana redio angalau husikilizwa. Miaka yote aliyofanya kazi kwenye mashine ya kusaga alipiga soga kuushinda mngurumo wa injini, na vumbi la unga likaukuta mlango wa kinywa wazi. Mapafu yakachoka. Daktari akasema ugonjwa ni sugu, hauponi, ila mazoezi yatamrudishia nguvu.

Hilo la kutopona alilimeza. Lililomkaa kooni ni wifi yake. Wifi huyo, mke wa kaka yake, aliishi ghorofa ya tatu, na kila ndugu walipokutana kwake Redio alifika juu anahema, hoi. Akianza, "Siku kaka alipokwenda kuposa..." pumzi inakatika, wifi anadakia, anaimalizia hadithi, tena anaiharibu! Eti mumewe siku ile alisimama imara. Imara? Thubutu! Mtu alikimbizwa na bata mzinga mbele ya wakwe! Redio akaapa ataimaliza kwa kinywa chake mwenyewe, liwalo na liwe.

Kliniki, dada wa mazoezi aliwafundisha wagonjwa kuvuta hewa kwa pua na kuitoa taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayepoza chai. Kisha wakatembezwa kwenye korido.

"Mama, ukitembea uwe unaweza kuzungumza. Maneno yakikatika, punguza mwendo."

Haya, nani alimtuma? Kile kipimo Redio alikichukua kuwa ni amri. Alizungumza kwenda na kurudi. Alizungumza akipanda na kushuka kibao cha mazoezi, akazungumza tena juu ya baiskeli isiyokwenda popote. Mwalimu mstaafu, kwenye baiskeli ya pembeni, alikataa kushuka kabla hajajua posa ile iliishaje.

"Jamani mama, pumzika kidogo!" dada alilalama. Lakini alivyoona hakuna mgonjwa anayekosa kuja, akanyamaza. Na yeye alitaka kujua.

Jumapili ya ndugu ikafika. Redio alipanda ngazi kadhaa, akasimama, akapoza chai yake isiyoonekana, akapanda tena. Watoto wa jirani walimpita mbio. Aliwaacha waende zao. Juu, alisalimia kila mtu, akaketi, akakohoa kwa madaha.

"Siku kaka alipokwenda kuposa, bata mzinga alimtoa mbio..."

Wifi akafungua mdomo. Akaufunga.

"...mpaka juu ya tangi la maji! Na posa akaitolea huko huko juu, kiatu mguu mmoja! Na wifi yangu huyu akamjibu, nimekubali, ila shuka kwanza!"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Kaka alijificha nyuma ya mto wa kiti. Wifi alicheka mpaka akashika meza.

"Pumzi... sina!"

"Bana midomo, wifi. Poza chai."

Akapoza. Lakini machozi yaliendelea kumtoka, na Redio akaona si ya kicheko tena.

"Unadhani nilipenda kukudakia?" wifi alisema. "Ulipokuwa unakatika vile, nilikuwa naogopa. Nasema leo ndiyo basi, ametutoka. Nikawa najaza maneno tu, nisiusikie ule ukimya."

Redio, kifua kimejaa pumzi tele, alikosa la kusema. Wifi alimshika mkono, akamngoja. Safari hii hakumdakia.