Vitabu vya Rafu ya Baba

Kabla hajafungua kitabu chochote, Losaline hujipapasa koo. Watoto wa kijiji chetu hapa visiwani Vava'u humwigiza nyuma ya kanisa, nasi wanawake tunaosuka naye mikeka humtania: "Haya, kashapapasa, leo hatuinuki hapa!" Yeye husoma, sisi husuka. Ikifika Mei, ndiye anayewaandikia watoto maneno ya kusema kanisani Jumapili ya watoto. Wajukuu zangu wote wamesimama pale mbele na maneno yake, na mimi nimelia kila mara bila haya.

Kupapasa huko kulianza akiwa na miaka kumi na miwili. Baba yake, Inoke, alikuwa na rafu moja ya vitabu, na kwetu ni mwiko mtoto kugusa vitu vya baba: kitanda chake, mabaki ya chakula chake, hata kitabu chake. Ukigusa, koo linavimba. Losaline aliyajua hayo yote, lakini baba akishaenda shambani kwenye viazi vikuu, naye huyoo rafuni. Alikuwa akisoma habari za mlinzi wa mnara wa taa aliyewasha taa kila jioni kwa miaka thelathini, hata meli zilipoacha kupita njia ile. Alifika ukurasa wa arobaini. Kesho yake mate hayamezeki.

Akapelekwa kwa shangazi yake, Hepisipa, maana dada wa baba ndiye mwenye dawa: akikupapasa koo, unapona.

"Umekula chakula cha baba yako, wewe?"

"Hapana, shangazi."

"Umelalia mto wake?"

"Nimesoma."

Hepisipa alicheka mpaka akashika mbavu. "Wenzako wanaugua kwa mnofu wa nguruwe, wewe karatasi! Na huyo mtu wa taa, ikawaje?"

"Sijui. Sikumaliza."

Alimpapasa koo, kisha akainuka, akaenda moja kwa moja kwa kaka yake. Kwetu dada ana cheo juu ya kaka, hata kama kaka ndiye mkubwa kwa umri; akitaka kitu cha nyumba ile anakichukua.

"Inoke, hiki nakichukua."

"Dada, hata sijakimaliza!"

"Utasimuliwa."

Ikawa ndiyo desturi. Hepisipa alichukua kitabu, kikawa chake, Losaline akakisomea jikoni kwa shangazi bila mwiko, na Inoke akalalamika kijiji kizima kisikie: "Huyu dada yangu ataniachia kuta!" Hata hivyo, kila akienda mji mkuu, Nuku'alofa, alirudi na kingine, akakiweka mbele kabisa. Losaline husema kitabu cha yule mlinzi ndicho kilichomfundisha kuomba hata asipojibiwa, na kuandika hata asipojua nani atasoma. Mahubiri ya kanisani yalimkuta keshajifunza.

Kisha Hepisipa akafariki, na mwaka huohuo macho ya Inoke yakazima. Kitabu kipya kilikaa rafuni miezi mingi. Losaline, sasa mama wa watoto watatu, alifuta vumbi pembeni yake bila kukigusa. Alikitamani, lakini nani angemchukulia?

Jumapili moja, baada ya chakula, Inoke alimwita.

"Losaline, kile cha mbele kimesomwa?"

"Nani akisome, baba? Shangazi hayupo."

"Hepisipa? Yule hakuwahi kusoma kurasa mbili asisinzie! Ulidhani nilikuwa namwekea nani pale mbele?"

Losaline alikitoa kitabu, akaketi, akakifungua. Sauti haikutoka. Mwanamke mzima, na koo limekaza kama siku ile.

"Sogea," alisema Inoke.

Alinyoosha mkono, akagusa paji la uso wa bintiye, shavu, kidevu, hadi akalipata koo. Akalipapasa taratibu, kama alivyokuwa akifanya dada yake.

"Haya, anza mwanzo. Na usiruke kitu, mwanangu. Hata mimi sijakisoma."