Glovu Zilizoanikwa

Nianze na kosa lenyewe, kwa sababu nikilichelewesha nitaanza kujitetea, na kujitetea nakujua sana. Kwa misimu miwili nilikuwa nafua glovu ambazo zilitakiwa kutupwa.

Shamba liko kaskazini, pale Toronto inapokwisha na nyumba zinaanza kuachiana nafasi. Wanazalisha farasi wa mbio. Mimi nakaa mtaa wa Jane na Finch, ghorofa ya tisa, kwa hiyo kila asubuhi nilipanda basi hadi kituo cha mwisho, na pale mwenzangu wa kazi alikuwa ananisubiri ndani ya pikapu ya shamba, redio imefunguliwa kwenye mahubiri. Alikuwa Mjamaika wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mpole, aliyekuja kila Februari kwa mkataba na kurudi kwao Oktoba. Huo ulikuwa mwaka wake wa nane. Ili arudi mwaka unaofuata, ilibidi mwenye shamba aandike jina lake kwenye fomu. Asipoliandika, basi tena.

Kazi yangu ilikuwa kuwaandaa majike. Farasi wa mbio hawapandishwi kwa sindano. Kanuni za mchezo wao zinataka dume ampande jike mwenyewe, watu wakishuhudia. Kabla ya hapo nilimfunga jike mkia kwa bendeji, nikamwosha nyuma kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nikampangusa. Mwenzangu alimleta dume. Mwenye shamba, bibi wa miaka sabini hivi aliyelirithi shamba kwa baba yake, alisimama mlangoni na daftari. Siku ya kwanza nilitazama ukutani kwa haya. Nilikuwa nimefanya kazi ya mifugo Singida miaka kumi na minne, nimeingiza mkono ndani ya ng'ombe wasio na idadi, lakini sikuwa nimewahi kusimama na bibi wa umri ule tukalitazama jambo lile pamoja kama watu walioenda mpirani.

Sasa glovu. Kule Singida boksi la glovu lilikuja pale lilipojisikia. Tulizifua, tukazipuliza kuona kama zimetoboka, tukazianika kwenye kamba, tukazipaka poda. Aliyetupa glovu nzima alisemwa wiki nzima. Pale shambani watu walivaa glovu dakika tatu wakazitupa, na roho iliniuma kweli. Basi nikawa nafua zangu. Nilizianika juu ya bomba la moto nyuma ya mashine ya kufulia, mahali ambapo hakuna mtu wa kupita. Sikuwa naficha, au ndivyo nilivyojiambia. Nilijiona mimi ndiye mtu pekee mwenye akili katika lile shamba.

Aprili, matope yamefika kwenye kifundo cha mguu, dume letu jeusi lilikataa kazi. Liliingia chumba cha kupandishia kwa mbwembwe zake zote, likamnusa jike, likajiinua nusu, likashuka. Likajaribu tena, likatetemeka na kurudi nyuma. Mwenzangu aliinama akalitazama chini ya tumbo, kisha akaniita nije nione. Uume wake ulikuwa na malengelenge madogo, mengine yameshapasuka na kuwa vidonda vyekundu. Nilipoyakagua majike yaliyokuwa yameshapandwa, manne kati ya saba yalikuwa nayo vilevile, chini ya mkia.

Daktari wa mifugo alifika kabla ya saa sita. Yeye ni Mgoa aliyezaliwa Nairobi na kuletwa Kanada na wazazi wake akiwa na miaka kumi na miwili. Kiswahili chake kilibaki pale kilipoachwa, Kiswahili cha mtoto wa miaka kumi na miwili ndani ya mzee mwenye mvi. Alikipenda kupita kiasi. Mbele ya wenzetu tulikuwa tunateta humo kwa raha, na mimi nilimwita daktari, yeye akaniita mama.

"Mama, hii iko virusi," aliniambia akiwa amechuchumaa. "Ndugu ya ile natoka kwa mdomo ya mtu akipata homa. Lakini ya farasi. Hii hapana shika wewe."

"Kuna dawa?"

"Iko. Mafuta ya kupaka, asubuhi na jioni. Hii watu naweka kwa macho." Akanionyesha tyubu ndogo. Kweli ilikuwa dawa ya macho ya binadamu, na picha ya jicho juu yake.

"Itawaua hao virusi?"

"Hapana. Itasimamisha tu, hapana zaana. Kidonda nakauka haraka. Wiki tatu hakuna kupanda."

"Kisha amepona."

"Amepona."

"Na virusi?"

"Iko. Nalala ndani ya mshipa mpaka kufa. Siku dume nachoka sana, naamka."

Niliuliza mara tatu, kwa njia tatu, na mara zote jibu lilikuwa lilelile: atapona na ugonjwa atabaki nao. Mimi nimesomea mifugo, sikuwa mgeni wa virusi, lakini siku ile maneno hayo yalikataa kuingia. Nilikuwa nimesimama na dawa ya macho mkononi, naambiwa nikaipake huko, kwa mnyama atakayepona bila kupona.

Mwenye shamba naye alikuwa na swali lake moja. Alitaka kujua ugonjwa umeletwa na nani. Wiki tatu katikati ya msimu si mchezo. Jike lina siku zake chache, zikipita ni kusubiri, na mtoto akichelewa kuzaliwa atashindana na wenzake wa mwaka uleule akiwa mdogo kwao. Daktari alimweleza kwamba huenda dume lenyewe lilikuwa nao miaka mingi. Huenda jike moja liliingia nao. Huenda ulitembea kwenye ndoo, kwenye sponji, kwenye glovu.

Aliposema glovu nilitazama viatu vyangu.

Bibi hakutaka huenda nyingi. Alikumbuka kwamba wiki mbili nyuma jike moja lilikuwa na uvimbe mdogo chini ya mkia, na mwenzangu, ambaye kazi yake ilikuwa kukagua kabla ya kumleta dume, alisema ni mkwaruzo tu. Akamgeukia palepale mbele yetu. Akamwambia kwamba mwaka ujao hataandika jina lake. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza majani ya farasi. Mwenzangu alivua kofia, akaivaa tena, akasema amesikia.

Na mimi nilisema nini? Nilienda kuosha ndoo.

Ningependa kuandika kwamba niliogopa kufukuzwa, maana hilo lingeeleweka. Niliogopa, ndiyo. Lakini zaidi ya woga nilikuwa nimechanganyikiwa. Sabuni ile tuliyotumia ni kali, daktari mwenyewe aliwahi kusema virusi vya namna hii havistahimili sabuni wala kukauka. Glovu zangu zilifuliwa, zikakauka juu ya bomba la moto. Kwa hiyo si mimi. Halafu nilikumbuka siku mbili tatu ambazo majike yalifuatana, nikasuuza tu glovu kwenye ndoo na kuendelea. Kwa hiyo ni mimi. Halafu nilikumbuka ule uvimbe, ambao hata mimi niliuona nilipomwosha yule jike, na hata mimi nilidhani ni mkwaruzo. Nilizunguka hapo siku nzima hadi kichwa kikauma.

Kesho yake pikapu ilikuwa kituoni kama kawaida. Nikapanda. Mahubiri yalikuwa yamezimwa. Asubuhi na jioni tulipaka dawa pamoja, yeye ameshika hatamu anamsemesha mnyama, mimi napaka. Sasa nilikuwa natupa glovu kila farasi, na pipa lilijaa. Aliliona pipa. Vidonda vilianza kukauka siku ya nne. Siku ya sita magamba yalidondoka, na chini yake ngozi nyeusi ya dume ilikuwa na madoa meupe. Daktari alisema madoa hayo huenda yasitoke tena.

Nyumbani nilimwambia binti yangu, anayesoma chuo kikuu hapohapo jirani. Nilimweleza yote kwa Kiswahili, naye akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, bila kuinua macho kwenye simu: kama sina uhakika ni mimi, nitakiri nini? Nilifurahi kusikia hivyo. Kisha akainua macho akauliza, na kama si mimi, mbona silali vizuri? Nikamwambia aache kunisumbua, akapakue chakula.

Siku ya tisa daktari alikuja kukagua. Nilimfuata hadi kwenye gari lake, nikamwaga kila kitu, Singida, poda, bomba la moto. Nilitegemea anitukane kitaalamu. Yeye alikaa kwenye ukingo wa buti la gari, akakwangua matope kwenye kiatu.

"Mama, mimi pia," alisema. "Hawa wote mimi napima na ile mashine ya picha, naingiza ndani. Kila moja nabadilisha plastiki. Lakini ile wiki ya theluji nilikuwa na haraka sana. Nilibadilisha? Nafikiri. Kuapa, hapana weza."

"Kipimo hakiwezi kusema?"

"Kipimo nasema iko virusi. Nani alileta, hasemi."

"Sasa nifanye nini?"

"Sijui, mama. Mimi nafikiri ile siku tisa pia."

Tulibaki pale, wasomi wawili wa mifugo, hakuna aliyejua. Nilimkasirikia. Nilitaka aniambie ni mimi au si mimi, na yeye ananiletea mtu wa tatu. Lakini hasira ile ilinisukuma mahali. Kama hakuna atakayejua kamwe, basi mwenzangu alikuwa anabebeshwa kitu ambacho sisi wawili tungeweza kumpunguzia, na tulikuwa tumekaa kimya kwa sababu tu yeye ndiye aliyenyooshewa kidole.

Nilikwenda ofisini nikamweleza bibi, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Hakupaza sauti. Aliomba nimwonyeshe bomba. Tulipenya nyuma ya mashine ya kufulia, na pale palikuwa na jozi mbili ambazo sikupata moyo wa kuzitupa. Alizitazama kwa muda mrefu. Daktari naye alikuja akasimama nyuma yetu, akasema lake kuhusu mashine yake. Bibi akasema kwamba sasa ana watu watatu na hajui amlaumu nani, na kwamba hilo limemuudhi kuliko ugonjwa. Mwishowe akasema jina la mwenzangu ataliandika. Mimi sitagusa majike tena, nitafagia mabanda. Nilimshukuru. Nilitoka nikiwa mwepesi, nikajiona nimefanya jambo kubwa sana.

Alasiri, ndani ya pikapu, nilimwambia mwenzangu. Kumbe bibi alikuwa hajamwambia. Aliendesha kidogo, kisha akaegesha kando ya barabara, akazima injini. Nilijiandaa kushukuriwa. Nasema kweli, nilikuwa nimeshatengeneza kichwani maneno ya kumwambia asijali.

"Umejua siku ngapi?" aliniuliza.

"Kujua, sijui hata sasa," nilijibu. "Hakuna anayejua."

"Kuhusu hizo glovu. Umejua siku ngapi?"

"Tisa."

Alitikisa kichwa polepole. Nje, lori lilipita likaturushia matope kwenye kioo, naye akawasha vipanguzio, akavizima.

"Asubuhi tisa nimekuja kukuchukua," alisema.

Nilimwambia jina lake litaandikwa. Nilimwambia mara mbili, nikidhani hakusikia.

"Nimesikia. Lakini mimi nilishampigia mke wangu. Siku ileile. Nilimwambia nimeharibu kazi, nimeona uvimbe nikasema si kitu, farasi wote wameumwa kwa sababu yangu. Nilimwambia amtoe mtoto kwenye ile shule ya ada, tusije tukaaibika mbele. Amemtoa Jumatatu." Alisema bila kunitazama. "Hakunilaumu. Alisema uchovu. Alisema ananijua mimi si mzembe, ni uchovu tu. Na mimi nikamwambia hapana, ni uzembe."

"Mpigie umwambie si wewe."

"Kwani si mimi?"

Uvimbe aliuona, na mimi niliuona, na glovu nilizisuuza kwenye ndoo, na daktari hawezi kuapa.

Alitoa simu, akabonyeza, akaniwekea mkononi. Ilikuwa inaita. "Mwambie wewe," alisema. "Chochote unachokijua, mwambie. Mimi ataona namtuliza tu."

Nilitaka kuirudisha, lakini alikuwa ameshageukia dirishani. Mwanamke alipokea. Alikuwa na furaha sauti nzima, akidhani ni mumewe, akimwita kwa jina la nyumbani ambalo sikuwa na haki ya kulisikia. Kwetu ningekuwa na salamu za kupita humo: habari za huko, za watoto, za kazi, mmeamkaje, na kufikia mwisho wake ningekuwa nimepata pa kuanzia. Kwa Kiingereza nilikuwa na neno moja, haloo, nalo nilikwisha kulitumia. Kisha akauliza, kwa sauti iliyobadilika kabisa, kama mumewe amekufa.

"Hapana," nilisema. "Yuko hapa, mzima. Mimi ndiye niliyemfanyia kitu kibaya."

Akaniambia niseme, anasikiliza.