Nilimficha Daktari wa Meno Vidonge Vyangu vya Moyo

Kosa ni langu, sitafuti mtu wa kunisaidia kulibeba. Mimi bibi wa wajukuu kumi na mmoja, ninayesifiwa Kitendaguro nzima kwa migomba yangu, nilidanganya kama mtoto aliyelamba sukari. Waitu, ndugu zangu, nisikilizeni!

Jino lilipasuka nikitafuna punje za kahawa. Siku tatu sikulala. Nikajifunga kanga mpya, maana jino bovu si sababu ya kwenda mjini umechakaa, nikaenda kwa daktari wa meno. Kijana mpole, ndevu bado hazijajua pa kuota.

Umeme ulikuwa umekatika, mlango ukaachwa wazi apate mwanga. Na kwenye benchi la nje nani kakaa? Ma Koku, jirani yangu! Masikio ya mama yule yanasikia ndizi ikiiva.

"Mama, una ugonjwa wa moyo? Presha? Kuna dawa yoyote unameza?" daktari akauliza.

Sasa mnaijua miaka hii ya kwetu. Vita ya mpakani iliisha, tukadhani tumepumzika, ukaja ugonjwa huu wa UKIMWI, tunaouita Juliana. Tunazika kila wiki. Mtu akionekana na kidonge, hata cha minyoo, kikombe chake kinatengwa. Na mimi nilikuwa nameza vidonge vya moyo, vya kuzuia damu isigande, nilivyoandikiwa Mwanza. Kadi yake ilikuwa hapa hapa, ndani ya sidiria!

"Dawa?" nikapaza sauti ili benchi lisikie. "Mimi nimezaa tisa, sijameza hata kidonge cha kichwa!"

"Kweli, mama?"

"Wewe ng'oa jino, kijana. Sikuja kuposwa."

Akaling'oa. Nikang'ata pamba, nikapita mbele ya Ma Koku natikisa makalio. Mawe, mama yangu wee, kiburi!

Kufika nyumbani, pamba imeloa. Nikabadili, ikaloa. Mkamwana wangu akaleta beseni, nikatema, nikatema tena. Mwanangu akanipakia kwenye baiskeli kunirudisha, kanga yangu mpya damu tupu.

Mwanangu hakusalimia. Alimkaba daktari shati. "Umemkata nini mama yangu? Kazi huijui!" Watu wakajaa mlangoni, Ma Koku mbele. "Kijana ameua!" wanasema. Naye daktari ananichungulia mdomoni, anatafuta kosa lake. Halipo! Liko kifuani kwangu! Na mimi, Mungu anisamehe, nilimtazama Ma Koku nikanyamaza. Niliona afadhali mtoto wa watu apigwe.

Kibao cha mwanangu kikampata. Hakujikinga. Mkono wake ulikuwa bado umebonyeza pamba kwenye fizi yangu. Anapigwa, na bado ananishikia damu!

Nikaingiza mkono kifuani mbele ya wote, nikatoa kadi.

Aliisoma, akafumba macho. "Mama, mama. Ungeniambia tu." Akanishona, akanichoma sindano, akabonyeza mpaka jua likainama.

Ma Koku, bila shaka, alieneza kwamba nina Juliana. "Moyo? Wote husema moyo!" Mwezi mzima hakuna aliyekuja kunywa rubisi ya ndizi kwangu. Hilo nililimeza. Lililonichoma ni mwanangu, siku alipotoka kumwomba daktari msamaha: "Mama, umenifanya nimpige mtu aliyekuwa anakuokoa."

Juzi jino la pili liliuma. Nilimmwagia daktari mezani vidonge vyote, kadi, na mizizi ya dawa aliyonipa shangazi. Nikataja hadi dawa ya kiuno ya mzee wangu.

"Ya mzee haituhusu, mama."

"Andika!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanionya nisije nikaacha dawa ya moyo kwa akili yangu. Atapanga yeye na aliyeniandikia.

Nanyi wenye kuficha vijikaratasi vifuani, hasa wazee wenzangu mnaojiona wajanja: mtu wa meno akiuliza, semeni yote. Waoneeni aibu majirani, lakini si yeye. Majirani watanisema, watachoka. Damu ile ilikuwa haichoki.