Kishikwambi kilichofungiwa nje Mtaa wa Sikukuu

Saa tisa alasiri, sebuleni kwa Bi Maimuna, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Fundi Mektilda Rogath amevua viatu mlangoni na kuketi mkekani. Mbele yake zipo simu mbili, ruta mpya inayowakawaka, na kishikwambi kikuukuu chenye ufa kwenye kona.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kinakataa hicho. Kinasema paswedi siyo, na paswedi ni ile ile!"

Siku ya kukataa imechaguliwa vibaya. Binti yake, Tatu, amejifungua Muscat, na leo mtoto anatimiza siku saba. Saa kumi Tatu atapiga simu ya video ili bibi asikie jina la mjukuu.

Bi Maimuna ana mtoto wa jicho, haoni vizuri. Kabla ya kusafiri, Tatu alimbandikia kifungo cha gauni pembeni ya kioo, usawa wa mahali pa kupokelea simu. Kaka yake Tatu, Ridhiwani, wakala wa forodha bandarini ambaye leo amewahi kurudi, alitaka kumnunulia mama yao kishikwambi kipya. Mama aligoma.

"Hiki nakijua kwa kidole," anasema. "Ridhiwani akitoka asubuhi, mchana kutwa niko nacho peke yangu. Leo niazime simu ya mtu ndiyo nimsikie mjukuu wangu? Hapana. Nitapokea mwenyewe."

Mektilda, mwenye fremu ndogo ya duka Mtaa wa Aggrey, anaielewa shida hii. Ruta aliyonunua Ridhiwani inatumia ulinzi mpya uitwao WPA3, na kishikwambi hiki ni cha zamani mno kuujua.

"Paswedi ni sahihi kabisa," anasema. "Kufuli ndiyo ngeni kwake."

Baadhi ya mafundi wangeondoa neno la siri, kazi ikaisha, na jioni mtaa mzima ukala bando. Yeye ana utaratibu wake: huanza na kifaa kikongwe kuliko vyote.

"Ukiingia kwa watu unamwamkia mkubwa kwanza," anasema. "Mzee huyu akishaingia, hao vijana hawanisumbui."

Anairuhusu ruta ipokee ulinzi mpya na wa zamani kwa pamoja. Kwenye kishikwambi alama ya kusubiri inazunguka, inazunguka, kisha kinagoma. Bi Maimuna anauliza saa. Ni kumi kasorobo.

Mektilda anajifuta jasho, kisha anafungua mtandao wa pili kwenye ruta hiyo hiyo, wenye ulinzi wa zamani tu na neno lake la siri. Kinashika! Ridhiwani anasoma jina la mtandao kwa sauti: "Umeandikwa 'Wageni', mama."

Bi Maimuna anakaa wima.

"Wageni? Mie niliyezaliwa humu ndani? Mgeni kwangu!"

Mektilda, ambaye kwa mazoea huuita hivyo mtandao wa pili katika kila nyumba, anacheka hadi machozi na kuomba radhi. Anafuta, anaandika "Mwenye Nyumba", anaunganisha upya. Bibi anatulia.

Simu inaita. Kidole cha Bi Maimuna kinapapasa ukingo, kinakiona kifungo, kinabonyeza.

"Mama, unatuona?"

"Naona mwanga. Msogeze, nimsikie anavyopumua."

Pumzi ndogo zinasikika, na mwandishi wa habari hii anasahau kuandika.

"Tumemwita Chiku, mama."

Chiku ni jina la marehemu mama yake Bi Maimuna. Bibi anaufunika mdomo kwa upande wa kanga, kisha anamwitikia mtoto wa siku saba: "Karibu nyumbani, mama."

Nje, Mektilda anavaa viatu. Mama yake mwenyewe yuko Rombo, Kilimanjaro, na hupanda hadi kanisani kutafuta mtandao ili azungumze na bintiye. Kwa kila nyumba Mektilda hulipwa shilingi elfu ishirini, na sehemu yake huiweka kando kwa ajili ya ruta na antena ya kufunga juu ya paa. Krismasi hii anapanda navyo.

"Miaka tisa nawaunganisha mama za watu, wangu anapanda mlima," anasema. "Mwaka huu atanipokea akiwa amekaa jikoni kwake. Na jina la mtandao nimeshalipata. Ni hili hili la leo."