Mtu wa Waya na Mikono ya Mama Mkwe

Shule niliiachia darasa la nne na sijawahi kuitafuta tena. Lakini ukimuuliza yeyote aliyekuwa Homa Bay miaka ile ya tisini, atakwambia hakuna tivii iliyofia mikononi mwangu. Zililetwa kwa mkokoteni, zimefunikwa shuka kama wagonjwa, zikarudi kwao zikiimba. Nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na tivii, nilikuwa na ukumbi wa kuonyesha video, nilikuwa na jenereta. Sikurithi hata bisibisi.

Kwa hiyo walimu wa chuo walipokwama, walikuja kwangu. Wangekwenda kwa nani mwingine?

Kilikuwa chuo cha ualimu, nje kidogo ya mji. Wafadhili wa ng'ambo walikuwa wamewaletea kamera, lakini si kamera ya kupigia picha za harusi. Hii ilikuwa na shingo ndefu iliyopinda kama ya korongo, kichwa kinatazama chini mezani, taa mbili ubavuni. Ukiweka kitu pale chini yake, jani, ukurasa wa kitabu, hata mende, kinatokea kwenye tivii mbele ya darasa kikiwa kikubwa kama sinia. Mwanafunzi wa nyuma kabisa anaona sawa na wa mbele. Walau hivyo ndivyo walivyoahidiwa. Wao walichokuwa wakiona ni mistari myeusi inayopanda juu bila kuchoka.

Mwalimu wa sanaa, mama mmoja mpole kutoka Machakos, ndiye aliyenipeleka kuiona. Nilizunguka ile mashine mara moja, nikacheka.

"Mwalimu, hii haiumwi. Imetoka nchi ambayo tivii zao zinaongea lugha nyingine. Tivii yenu haiielewi."

"Na yako?"

"Yangu ni kama mimi. Haikusoma, lakini inaelewa zote."

Nikaleta tivii yangu kubwa kutoka kwenye ukumbi wa video, nikaunganisha, mistari ikatulia. Mwalimu akaweka kiganja chake chini ya kamera na kikaonekana mbele, kikubwa, na pete yake iking'aa. Alikigeuza huku na huku kama mtoto aliyepewa kioo. Mimi nikafuta mikono kwa kitambaa, nikatoa amri. Nilisema mtu yeyote asiguse kile kidude cha vitufe kinachoning'inia kwenye waya. Kikiguswa kikaharibika, wasiniite. Nilisema kwa sauti ya daktari mkuu, na wao, watu wenye vyeti, wakatii.

Sasa mwalimu alikuwa na haja moja. Alitaka wanafunzi wake waone chungu kikifinyangwa kwa mkono, toka donge hadi mdomo. Mwaka uliotangulia alikuwa amemwita mfinyanzi, darasa zima likamzunguka hadi mama wa watu akakosa hewa, na wengi wao hawakuona kitu ila migongo ya wenzao. Mke wangu alikuwa akiwauzia mboga jikoni pale chuoni. Aliposikia habari hiyo akasema, bila kuniuliza, "Mama yangu hufinyanga. Nenda kwetu Uriri yote uulize."

Hapo lazima nieleze kidogo, kwa wasiojua mambo yetu. Kwetu Wajaluo, mama mkwe ni maro, na maro si mtu wa kuzoeana naye. Humpi mkono. Huli mbele yake. Mkikutana njiani, mmoja anapisha kando na kuangalia mimea ya watu kana kwamba ndio ameiona leo. Si chuki, ni heshima, na heshima hiyo ina uzito kuliko mapenzi mengi niliyoyaona. Miaka yote ya ndoa yangu, nilipokwenda Uriri, nilikaa kwenye kiti cha mbali kabisa chumba cha mbele, naye akabaki jikoni. Chakula chake nilikila, nacho kilikuwa kizuri. Sauti yake niliisikia kupitia ukuta tu.

Na kuna neno moja nililosikia kupitia ukuta huo, siku za mwanzo kabisa. Ndugu zake walikuwa wakisema binti angepata hata karani. Maro akajibu, taratibu, "Ameshaolewa na mtu wa waya. Basi."

Mtu wa waya. Lilikaa kifuani mwangu kama mwiba wa ngege, samaki wa ziwani kwetu. Nilijenga nyumba ya mabati, nikanunua jenereta, na kila nilichokinunua nilikuwa nikijibu neno lile. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, yule mama ajue binti yake amechukuliwa na mtu wa namna gani. Lakini utamwambiaje mtu ambaye hata uso wake huruhusiwi kuutazama?

Mpango ulikuwa rahisi. Ningefunga mitambo asubuhi, niondoke kabla maro hajafika. Mke wangu angekaa karibu naye kumtafsiria, maana wanafunzi walitoka kila pembe ya Kenya na maro hakuwa na Kiswahili cha kutosha kukohoa.

Siku yenyewe stima ikapotea, kama kawaida yake. Nikaleta jenereta, nikaiweka nje chini ya dirisha, na pembeni yake tivii yangu ndogo ya kupimia picha. Nilikuwa bado nimepiga magoti nikikaza nati nilipoona leso ya rangi ya chungwa ikipita langoni, na nyuma yake mke wangu amebeba udongo kichwani ndani ya karatasi ya nailoni. Maro amefika mapema. Nikajibanza nyuma ya jenereta. Mtu mzima, mwenye nyumba ya mabati.

Mlinzi wa lango alikuwa mzee wa kwetu. Alikuja akasimama juu yangu na rungu lake.

"Fundi, umeangusha nini huko chini?"

"Nati."

"Nati yenye leso?"

"Mzee, nenda kachunge lango."

"Lango haliendi popote," akasema, akakaa juu ya tofali.

Ndani walianza. Kwenye tivii ndogo niliona meza, kigae cha chungu kikuukuu, kisha mikono miwili ikaingia na donge la udongo. Nilikuwa nimesimama niondoke, vifaa begani. Sikuondoka. Ile mikono ilikuwa myeusi na mikavu, kucha zimeliwa na udongo, na kidole cha shahada cha kulia kilikuwa kimepinda kidogo kwenda nje. Ilipiga lile donge, ikalibana, ikalizungusha juu ya kigae bila haraka. Kisha ikaviringisha kamba ya udongo nene kama nyoka, ikaizungushia juu, ikaibana kwa kidole gumba, nyingine tena juu yake. Mke wangu hukanda ugali vivyo hivyo. Kidole gumba kile kile, na namna ile ile ya kusita kidogo kabla ya kubonyeza. Miaka yote nimekula ugali ule na sikujua umetoka wapi.

"Unamchungulia mama mkwe?" akauliza mlinzi.

"Simchungulii. Naangalia tivii."

"Na kwenye tivii kuna nini?"

"Mikono."

"Ya nani?"

Wakati huo huo picha ilianza kuingia ukungu, na mara moja nikajua kwa nini. Ukurasa wa kitabu haukui. Chungu kinakua. Kila kamba ya udongo ilikuwa ikikisogeza karibu na kamera, na kamera inataka kuambiwa mara kwa mara itazame wapi. Mtu wa kuiambia ni mwenye kile kidude cha vitufe, na niliwakataza wote.

Mwalimu akatoka mbio. "Fundi, picha inafifia."

"Bonyeza kitufe cha kushoto, kidogo kidogo."

"Wewe si ulisema tusiguse?"

"Sasa nimesema guseni."

Akarudi, akabonyeza, picha ikawa nyeupe pe kama ugali. Darasa likaguna. Akatoka tena, safari hii amekunja khanga kiunoni. "Ingia wewe. Tafadhali."

"Mwalimu, siwezi. Yule ni mama mkwe wangu."

Akanitazama, kisha akashika mdomo. Nilidhani atacheka. "Hata kwetu Ukambani iko haya ya wakwe," akasema polepole. "Lakini udongo utakauka, na darasa lenyewe ni hili moja tu."

Mimi sikusoma, lakini tatizo likinijia hukuta nimekaa tayari. Nilikata waya wa kile kidude, nikaunga wangu mrefu, nyuzi kwa nyuzi, rangi kwa rangi, nikafunga kwa utepe wa stima. Mke wangu alinipitishia ncha moja na kupokea nyingine kupitia dirishani, nyuma ya mgongo wa mama yake. Sijui fundi mwingine ambaye angeifanya kazi ile jenereta ikinguruma na mama mkwe yuko ng'ambo ya dirisha. Kisha nikakaa nje na kidude mkononi, tivii ndogo mbele yangu, na kila chungu kilipopanda nilibonyeza, na kila nilipobonyeza picha ilirudi safi kama maji ya chemchemi.

Tulikwenda hivyo, yeye na mimi, muda mrefu. Yeye akiongeza kamba, mimi nikimfuata. Nilianza kujua atakapobonyeza kabla hajabonyeza. Mwalimu alikuwa akieleza kwa Kiswahili, mke wangu akitafsiri, wanafunzi wakiandika kimya.

Ndipo maro akainama. Sijui alitaka kunusa udongo au kutazama ufa, ila aliinama sana, na kichwa chake chote kikaingia chini ya kamera. Leso ilikuwa imeteleza. Nywele za maro, mvi tupu, zimesukwa mistari myembamba, zikajaa tivii yangu kama shamba.

Nikageuza uso ukutani kwa nguvu hadi shingo ikalia. Sikubonyeza kitu. Nikasikia ndani wanafunzi wakisema haionekani, haionekani. Mlinzi naye alikuwa ameangalia juu, anahesabu mawingu, maana hata yeye ni mtu wa heshima.

Mke wangu akatokea dirishani. "Wewe, picha."

"Ametoa kichwa?"

"Kichwa gani?"

"Cha mama."

Akaelewa. Nyuma yake nikasikia ile sauti ya ukutani, safari hii bila ukuta, ikiuliza kwa Kijaluo huko nje kuna nani anayeongea na binti yake.

Mke wangu hajui kudanganya, ni udhaifu wake. Akasema, "Ni yule wako, Mama. Ndiye anayeshika picha."

Nikageuka kidogo nikaangalia tivii. Kichwa kilikuwa kimeondoka. Mikono ilikuwa imelala pande mbili za chungu, haiendi. Chungu kilikuwa kimefika mabegani tu, hakina shingo wala mdomo, na ukiacha udongo hapo unapasuka. Nilijua kinachofuata. Angenawa, angefunga leso, angerudi Uriri, na kuanzia siku hiyo ningekuwa mtu wa waya aliyemchungulia mama mkwe wake mbele ya walimu watarajiwa wa nchi nzima. Niliweka kidude chini. Nikashika swichi ya jenereta nizime, angalau asitazamwe zaidi.

"Ameona nini?" sauti ikauliza.

"Mikono tu, Mama. Na mara moja nywele. Aligeuka."

"Aligeuka?"

"Aligeuka mpaka akaumia shingo," akasema mlinzi kutoka nje, kwa Kijaluo, bila kuulizwa na mtu. "Nilikuwa hapa. Picha ikapotea kwa sababu hiyo."

Sikuwahi kumpenda mwanamume mzee kama nilivyompenda yule.

Maro akacheka. Kicheko kifupi, cha puani. Kisha akasema neno ambalo mke wangu hakulitafsiri kwa darasa, na mwalimu alipouliza alisema ni mambo ya nyumbani. Alisema, "Mikono haina ukwe. Mikono hii imemfulia nepi mke wake. Mwambie mtu wa waya ashike picha, chungu kinataka mdomo."

Nikaachia swichi. Nikaokota kidude, nikabonyeza, mikono ikarudi safi, nayo ikaanza kazi. Akavuta shingo ya chungu kwa vidole vilivyolowa, akazungusha mdomo, akaulainisha kwa kipande cha ngozi. Akachukua kamba ndogo ya majani aliyoisuka mwenyewe, akaibiringisha mabegani mwa chungu, ikaacha alama kama nyayo za ndege. Darasa likapiga makofi.

Alipomaliza hakuondoka mezani. Alinawa kwenye bakuli, akajifuta. Kisha akauweka ule wa kulia chini ya kamera, kiganja juu, vidole vimefunguka, kile kilichopinda kikienda njia yake. Akauacha pale. Mwalimu alidhani anawaonyesha wanafunzi, akaanza kueleza habari ya mikono ya mfinyanzi. Mlinzi ndiye aliyenigusa bega.

"Jibu salamu, fundi."

Ningeijibuje? Nilibonyeza kitufe, kidogo kidogo, hadi kila mstari wa kile kiganja ukatoka, na makovu ya moto, na chembe za udongo zilizobaki ndani ya mikunjo. Picha safi kuliko ile sikuwahi kuitoa kwenye mashine yoyote, na nimetengeneza nyingi. Nikaishikilia hapo hadi alipoutoa mwenyewe.

Aliishi miaka mingine baada ya hapo, na hatukupeana mkono hata mara moja. Nilikaa kwenye kiti changu cha mbali, yeye jikoni. Ila chakula kilipoletwa, nilisikia kupitia ukuta akiuliza kama mtu wa waya ameshiba, na neno lilikuwa limegeuka ladha.

Jioni ya siku ile ya chungu, tukirudi nyumbani, mke wangu alinitazama kwa pembeni. "Macho yako yalikuwa mekundu pale dirishani."

Nikamwambia ni moshi wa jenereta.

Yeye anajua, kama ilivyojua Homa Bay yote, kwamba jenereta yangu haikuwa ikitoa moshi. Niliihudumia mwenyewe.