Mlioniambia niiruke D6 kwenye emulator, mmeniharibia sweta ya shule

Wakuu, habari za mchana. Naandika nikiwa na hasira, ila chumvi siongezi.

Niko Kibeta, nafuma sweta za shule. Mashine ya kufumia aliniachia marehemu mama, inaongozwa na programu ya DOS ya enzi hizo.

Kompyuta yake ikaungua board. Shemeji yangu Deus, mnunuzi wa vyuma chakavu Nshamba, akasema Jumamosi anakuja kubeba mashine.

"Shemeji waitu, hicho ni chuma tu. Unaking'ang'ania cha nini?"

Nikahamishia programu kwenye laptop, ndani ya emulator, yaani programu inayoiga kompyuta ya zamani. Ikafunguka vizuri. Kuanza kufuma tu, emulator ikagoma: haiitambui instruction D6, amri moja ya processor.

Nikauliza humu. Mkajibu kwa kujiamini: haipo kwenye manual, ni takataka, iruke. Mmoja akaongeza, "Dada, pika matoke, haya waachie wenye fani."

Nikairuka. Matoke pia nilipika.

Sweta ikatoka, nembo ya shule imekuwa bonge moja jeusi kifuani. Uzi umekwenda bure.

Nikaacha kusoma comment zenu. Nyanga kuna mama tunayesali naye, ana kompyuta nzee yenye processor ya familia ileile, anaifunika kitambaa cha kudarizi. Nikaenda na mtoto mgongoni.

Nikaingiza D6 peke yake kwenye debug, programu ya kujaribia amri moja moja, nikaiendesha. Carry, biti ya alama ndani ya processor, ikiwa moja, AL, kihifadhi chake kidogo cha namba, inajaa FF, yaani biti zote moja. Carry ikiwa sifuri, AL inakuwa sifuri. Basi.

Yaani programu inasukuma mchoro biti moja moja. Biti inaangukia kwenye carry, na D6 ndiyo inayoiambia sindano fuma au acha. Hiyo ndiyo takataka yenu.

Nikaongeza mistari michache ya D6 kwenye source ya emulator, yaani maandishi iliyotungwa nayo, nikacompile. Nembo ikatoka safi, mpaka majani ya mbuni yanahesabika.

Jumamosi Deus akaja na pikapu. Akaikuta mashine inafuma.

"Nani kaitengeneza?"

"Mimi."

"Nani kakuelekeza?"

"Processor."

Akamwambia dereva ageuze gari. Sasa anataka sweta ya mwanae. Apange foleni.

Nilichojifunza: manual inasema kile ambacho kiwanda kilikubali kuandika. Waliotunga programu za zamani walifuata kile chip inachofanya. Ukiwa hujui, pima kwenye chip yenyewe.

Mwenye processor ambayo D6 inajibu tofauti, aweke hapa alichokiona kwenye screen. Kama hujapima, kaa na maoni yako.